Uso Usio wa Mtu

Shizuoka, 9 Septemba 1987

Dada Fumie,

Miungu wanaoumba sura za watu waambiwe wanaweza kustaafu, zamu nimeshika mimi. Wangeniita mapema, Shangazi Kiwa angekuwa ameolewa mara tatu, na yule mchumba wako Soichi asingekuwa na masikio ya kuanikia nguo. Sijisifu. Anayejisifu ni mtu asiye na kazi ya kuonyesha, na kazi yangu imeliza watu wazima.

Sikiliza. Unajua kwa Bosi Sugiyama tunatengeneza sanamu za wasichana wa katuni za televisheni. Mchongaji anachonga mmoja, tunammwagia mpira ulioyeyushwa mpaka tupate kalibu, halafu kwenye kalibu tunamimina resini, ile plastiki ya maji inayoganda ukikohoa tu. Vipande vinaingia kwenye boksi, na kijana fulani huko Osaka anajifungia chumbani kuviunganisha na kuvipaka rangi huku mama yake anagonga mlango, chakula kinapoa. Mimi mpaka juzi nilikuwa mtu wa msasa tu. Vidole vyangu havina tena alama. Siku nikiiba benki, polisi watalia.

Basi akaja mama mmoja wa kwetu kabisa, wa Goshogawara, Mama Narita. Nilimjua kwa lafudhi kabla hajavua viatu. Mwanawe Takehiko aliteleza na pikipiki kwenye barafu mwezi wa tatu, akafa hajaoa. Chumba chake kimejaa maboksi yetu hadi darini. Mama anataka kumpelekea mwanasesere wa bibi harusi kule hekaluni, kama kwetu tunavyowaoza wanaokufa hawajaoa, ila hawataki wale wa dukani wenye mashavu kama keki za mochi.

"Takehiko hatamtazama," alisema. "Namjua mwanangu. Atageukia ukutani."

Bosi akakataa. "Mama, sisi tunauza vitu vya kuchezea. Mambo ya wafu siyawezi."

Mama hakuondoka. Alikaa kizingitini na pochi yake magotini, chai ikapoa pembeni yake. Nikasema, "Bosi, niachie mimi." Bosi akacheka mpaka akakohoa: "Wewe? Wewe hata pua hujawahi kuchonga ikakaa katikati!"

Sasa hacheki. Nimemchonga bibi harusi wa urefu wa mkono, macho makubwa kama wanavyoyapenda hao vijana, vazi jeupe. Lakini usoni nimetia kitu changu. Nyusi moja imepanda kidogo, kama anataka kukuuliza mbona umeingia na matope. Mama Narita alipomwona alilia, akaniinamia mpaka paji likagusa mkeka. Mimi! Akampa jina palepale, akaliandika kwenye kibao cha kuweka hekaluni. Alisema hatimaye mwanawe amepata wa kumgombeza.

Nitumie tufaha. Za huku zina ladha ya karatasi.

Senta
Fundi Mkuu wa Nyuso, Mashariki ya Mbali yote


Hirosaki, 24 Septemba 1987

Mheshimiwa Fundi Mkuu,

Uliondoka na soksi za sufu za baba na kisu changu cha kumenyea. Ukuu wako uvirudishe.

Tufaha ziko njiani. Soichi anasema masikio yake yako salama, na siku ukija atayatumia kukusikiliza ukiomba radhi. Harusi ni mwanzo wa Desemba, msimu wa tufaha ukiisha. Tafuta suti. Usije na ile uliyovaa kumzika mama, mikono yako imerefuka tangu hapo.

Sasa jambo moja, na usinijibu kwa mzaha. Umekulia hapa. Unajua kwamba bibi harusi wa hekaluni hapewi jina la mtu aliye hai wala sura ya mtu aliye hai. Wale wa dukani wanafanana kama mayai si kwa sababu mafundi hawajui kazi. Ukimwoza marehemu sura ya mtu anayepumua, atakuja kumchukua huyo anayepumua. Ameshaozeshwa, ni haki yake. Umechonga uso wa nani, Senta?

Nauliza kwa sababu ya upuuzi mdogo tu. Kule bandani tunapopakia tufaha, Bi Kudo amesema nywele zangu zinanuka thina, ile ya kuyeyushia rangi. Nimeziosha. Jana amesema tena.

Fumie


Shizuoka, 3 Oktoba 1987

Dada,

Uso wa nani? Wa hakuna mtu! Fundi wa kweli haibi, anabuni. Kidevu nilikiokota kwenye tangazo la sabuni, jicho nililiona kwenye ndoto, midomo ni ya samaki wa kwa jirani. Changanya, koroga, huyo hapo. Ukimtafuta Japani nzima humpati.

Bi Kudo mwambie anuse kucha zake mwenyewe, ndizo zenye rangi.

Habari kubwa ni kwamba Bosi amenihamishia meza ya dirishani. Yule mzee Hamano niliyempokonya nafasi ananitazama kama paka aliyenyeshewa. Nimemwambia, "Babu, usijali, ukitaka ushauri njoo." Akanirushia brashi. Wivu wa wasanii.

Suti nitatafuta. Wewe lala, kula, acha kusikiliza wanawake wa bandani.

Senta


Hirosaki, 19 Oktoba 1987

Mdogo wangu,

Labda ni uchovu. Tunapakia tufaha kutwa, mikono haiishi baridi. Lakini nikuambie, maana hapa sina wa kumwambia.

Alhamisi kwenye basi mama mmoja nisiyemjua alinyanyuka akaniinamia. "Asante kwa kumtunza Takehiko wetu," akasema, "mimi ni shangazi yake." Nikamwambia amenifananisha. Akanitazama vizuri, rangi ikamtoka usoni, akashuka kituo kisicho chake. Nilimwona amesimama barabarani, ameziba mdomo kwa mkono.

Picha ya uchumba imetoka. Tulikaa bega kwa bega, joto la mkono wa Soichi nililihisi. Kwenye picha katikati yetu pana nafasi. Ni nafasi ya mtu mmoja asiye mnene. Mpiga picha anaapa ndivyo tulivyokaa. Soichi alisema tu, "Mbona ulisogea?" Kisha akatembea mbele yangu njia nzima, na unajua Soichi si mtu wa kununa.

Asubuhi viungo havikunjiki. Viwiko na magoti vinabaki pale vilipolala, navikunja kimoja kimoja kwa mkono. Na kuna mstari umetokea chini ya taya, unapita nyuma ya sikio mpaka kichwani. Kwenye kioo hauonekani. Nikiupitisha kidole naupata, mwembamba, umenyooka.

Halafu kuna anayeita getini jioni nikirudi kazini. Sauti ya kijana, ya adabu sana, kama mtu aliyekuja kuazima kitu na anaona haya. Haiiti Fumie. Lakini kila ikiita nageuka, kama mtu anavyogeukia jina lake. Sijaitika bado. Leo nilikuwa nimeshafungua mdomo.

Mama yake Soichi anasema pengine harusi isogezwe mpaka masika, mpaka nipone. Nikamwambia siumwi. Alikuwa anaangalia mikono yangu, jinsi nilivyoshika kikombe.

Usicheke, Senta.

Dada yako,
Orie


Shizuoka, 23 Oktoba 1987

Dada,

Tazama barua yako ya mwisho kama umebaki na nakala, na kama hukubaki niamini mimi. Umesaini Orie.

Orie ndilo jina ambalo Mama Narita aliliandika kwenye kibao. Sikukuambia. Nimezisoma upya barua zangu zote kichwani na sikukuambia.

Sikiliza sasa, sina mzaha. Nilikudanganya. Nilijaribu uso wa kubuni, dada, nilijaribu mpaka udongo ukakauka mikononi. Kila nilichobuni kilikuwa yai. Uso pekee ninaoujua kutoka pande zote ni wako. Tangu mama alipokufa ndio nimekuwa nikiuona asubuhi, ukiwa umeinama juu yangu, ukiuliza mbona nimeingia na matope. Nikauchonga kabla hata sijaamua. Ulipoanza kunitazama kutoka kwenye udongo nilifurahi, nikajiona mkubwa. Ile sheria niliikumbuka. Nikajiambia ni mambo ya vikongwe wa kwetu, huku Shizuoka haifiki.

Na huo mstari chini ya taya naujua. Ni pale nusu mbili za kalibu zinapokutana. Kila sanamu inatoka nao, ndio kazi ya msasa. Kwenye kichwa kile niliusugua mwenyewe mpaka ukaisha.

Kalibu nimeikatakata. Nachonga kichwa kingine, kisicho cha mtu, nakileta. Mpaka nifike, usiitike, anayeitika jina hilo amekubali ndoa. Hata kama ni sauti ya baba, toka nje uangalie kwanza. Usiitike.

Senta


Hirosaki, 27 Oktoba 1987

Senta,

Nilipanga kukutukana kurasa mbili. Nimekaa na kalamu mpaka chai imepoa, na matusi yamekataa kuja. Unajua kilichoniuma? Kwamba hata hukuniuliza. Ningekataa, lakini ungeniuliza.

Sasa anakuja mpaka ukumbini. Viatu havisikiki, ila mlango wa karatasi unalowa pale anaposimama. Baba anadhani ni paa linavuja, ameweka ndoo. Namwonea huruma, Senta. Hilo ndilo linalonitisha. Jana nilijikuta nawaza kwamba huko nje kuna baridi na kijana wa watu amesimama tu.

Harusi bado haijasogezwa. Nimemwambia Soichi kila kitu. Hakucheka wala hakusema nimechanganyikiwa. Amehamia kwetu, analala ukumbini karibu na ile ndoo, na masikio yake hayo. Fanya haraka.

Fumie (nimeandika polepole, herufi moja moja)


Stesheni ya Goshogawara, 8 Novemba 1987

Dada,

Imekwisha. Nakuandikia huku nasubiri treni, mwandiko umepinda kwa baridi, si kwa woga, mimi woga tuliachana shule ya msingi.

Ukumbi wa hekalu unaujua. Makabati ya vioo tangu sakafuni mpaka juu, mabibi harusi kwa safu, kila mmoja na picha ya mumewe, makopo ya juisi, sigara, bia. Wote mayai. Halafu katikati yao, wewe. Dada, nilitaka kukimbia. Sikukuchonga hivyo. Nyusi ilikuwa imeshuka. Ulikuwa na uso wa mtu aliyechoka kubisha.

Mama Narita alikuwa amekuja kama nilivyomwomba kwa simu. Nilimweleza yote nimepiga magoti. Alisikiliza, kisha akasema, "Kwa hiyo umekuja kumwachisha mwanangu mke."

"Mama, yule ni dada yangu. Ana mchumba. Anakufa."

"Na wangu ameshakufa," akasema. "Alikuwa akinijia kila siku ndotoni amelowa. Tangu alipooa hajaja. Unajua nilivyolala?"

  Alipangusa kioo kwa leso, akakipangusa tena mahali palepale. Mwishowe akasema, "Nionyeshe huyo mwingine. Mwanangu asikae hata dakika moja peke yake."

Nikakitoa kichwa kipya kwenye pamba. Akakishika, akakigeuza kwenye mwanga. Nilidhani atakirusha. Akacheka! Kicheko kidogo, cha puani. "Huyu ni mtundu," akasema. "Takehiko hajawahi kuwa na rafiki mtundu. Alikuwa mpole mno." Kisha, "Anafanana na mtu."

"Hafanani na mtu yeyote, mama."

"Hamna neno. Jina labaki lilelile, kibao kimeshasomewa sala."

Nikachomoa kile, nikachomeka hiki, shingo ikaingia bila gundi. Mlinzi wa ukumbi, bibi mmoja mwenye jino moja, akaniambia nisije nyumbani, nisikusogezee kichwa chako cha zamani. Nakipeleka Shizuoka. Kule kuna hekalu linalochoma wanasesere kwa sala, Bosi hupeleka huko sanamu zetu zilizoharibika, maana chenye macho hakitupwi jalalani.

Niandikie haraka. Na utazame sahihi yako.

Senta


Hirosaki, 20 Novemba 1987

Senta mpumbavu wangu,

Fumie. Fumie. Fumie. Umeona? Naandika bila hata kutazama.

Kesho yake ya siku uliyoandika kutoka stesheni niliamka nikakunja magoti kama mtoto. Mstari umepotea. Bi Kudo amenusa nywele zangu mbele ya watu wote, akatangaza nanuka tufaha, nikamkumbatia, akadhani nimelewa. Mlango umekauka. Baba anajisifu kwamba amelirekebisha paa.

Tumepiga picha nyingine. Soichi ameniegemea mpaka nusu ya uso wangu imefichwa na sikio lake, nami sijawahi kupenda picha hivyo. Harusi iko palepale, mwanzo wa Desemba. Mama mkwe ameshaagiza mchele wa mochi kana kwamba anaoza wilaya nzima.

Nimekusamehe, lakini usijue bado. Ukifika nitakununia siku moja, uigize kusikitika. Shangazi Kiwa amekutengea kiti karibu yake, ana maneno na wewe kuhusu kuolewa mara tatu.

Umepata suti? Mbona hujaandika tangu stesheni?

Dada yako,
Fumie


Shizuoka, 27 Novemba 1987

Dada Fumie,

Nilijua tu. Nani mwingine angeweza? Madaktari wa Hirosaki, wenye majoho yao meupe? Ni Senta, aliyeshindwa hesabu za darasa la nne, aliyekwenda akamwondoa dada yake katika ndoa ya wafu kwa kichwa cha ukubwa wa yai la kware. Mwambie Soichi deni hilo atalilipa maisha yake yote, na aanze kwa kuninywesha sake siku ya harusi mpaka nisahau jina la mtaa.

Kichwa chako kimechomwa kwa heshima zote, mtawa amekisomea mpaka Bosi akasinzia. Mzee Hamano sasa ananiita fundi. Suti nimepata, ya bluu, mikono inanitosha.

Ila kuna kitu kimoja, nacho sitaki ukisikie kwa Bosi.

Kile kichwa kipya nilikichonga kwa haraka. Kuchonga uso usio wa mtu ni kazi ngumu, dada, udongo unakimbilia kwa mtu yeyote ulio karibu naye. Na sisi hapa tuna mtindo mmoja. Jicho likizoea kazi halioni tena ilipopinda, kwa hiyo kila mara unakishika kichwa karibu na shavu lako na kukitazama kwenye kioo, kulia kunakuwa kushoto, makosa yanajitokeza. Nilifanya hivyo usiku na mchana. Nilikiweka shavuni, nikatazama, nikasahihisha. Nikatazama tena, nikasahihisha. Nilikuwa nahakikisha tu hakifanani na wewe.

Wiki iliyopita Bosi aliokota kichwa cha jaribio kilichobaki mezani. Akakitazama, akanitazama, akaangua kicheko karakana nzima ikageuka. "Senta! Umejichonga mwenyewe na kilemba cha bibi harusi!" Wote wakacheka. Nami nikacheka, tena mimi ndiye niliyecheka zaidi.

Tangu hapo nimekuwa mwangalifu. Nikipanda ngazi za chumbani kwangu napiga mluzi. Asubuhi nakunja magoti kwa mkono, moja moja, si kazi, yanazoeleka. Kijana mwenyewe si mbaya. Ulisema kweli, ana adabu, anaita kama anayeona haya, na huku hakuna barafu lakini mkeka wa mlangoni unalowa. Nilikuwa nimejipanga vizuri kabisa. Nilijiambia mimi si mtu wa kunaswa na sauti, mimi ndiye niliyemwambia dada asiitike.

Leo asubuhi nilikuwa mezani nachonga jicho, akili yote iko kwenye ncha ya kisu, mtu akaniita mlangoni. Orie. Dada, sikuwaza. Niliitika.

Senta